Chumvi Niliyokuficha

Ibra, baada ya sala ya alasiri

Raya mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, umemshika Bibi mkono mkatoka, na nyumba imebaki na mimi na masanduku yako mawili yaliyosimama mlangoni. Kesho, mkishasali alfajiri, baba yako atakupeleka chuoni Nizwa. Kazini wamenicheka wiki nzima. Wananiambia Nizwa si Uingereza, ni mwendo wa saa mbili, hata mkate wa moto ukitiwa garini hapa utafika haujapoa. Nimecheka pamoja nao, kwa sababu wanasema kweli, na kwa sababu sikuwa na nguvu za kuwaeleza kwamba saa mbili hizo mimi naziona kwa jicho jingine. Mwili wako ukianza kutapika ukashindwa kushika dawa, sina hakika kwamba utaweza kunisubiri saa mbili.

Dawa sitaziandika hapa. Unazijua kuliko mimi, saa zake na kipimo chake, na ukiona nimezitaja tena utaukunja ukurasa huu kabla hujafika katikati. Nataka kukuandikia niliyoyakosea, kwa kuwa hayo hayamo katika karatasi ya daktari. Na nataka niyaandike kabla sijakujibu lile uliloniomba juzi.

Tulikuwa tunakunja nguo. Ulisema bila kuinua uso: "Mama, niahidi. Usimwambie mtu yeyote bwenini." Nikakuuliza, hata mushrifa, yule msimamizi wenu? Ukasema hata yeye. "Nitamwambia mtu nitakayemchagua mimi, siku nitakayotaka, kwa maneno yangu." Nilijifanya natafuta pea ya soksi, na wewe ukaniacha nijifanye.

Ninaelewa kwa nini umeomba. Skuli nilizunguka chumba kwa chumba nikawaambia walimu wote habari ya ugonjwa wako, na kuanzia siku hiyo ukawa mtoto wa kioo. Hukuruhusiwa kukimbia, hukupelekwa safari ya Qalhat na wenzako, na wasichana waliposhindwa kukukasirikia walianza kukuhurumia, jambo ambalo uliniambia ni baya zaidi. Nilidhani nakujengea ukuta wa kukukinga. Huenda nilikujengea ukuta tu.

Lakini nianze nyuma zaidi, ulipokuwa na miaka kumi na tatu.

Mwaka ule ulianza kubadilika rangi. Kwanza vifundo vya vidole, halafu viwiko, halafu mistari ya viganja ikawa kama imechorwa kwa kalamu. Nilisema ni jua. Ulikuwa umeshinda likizo nzima Birkat al Mauz kwa jamaa za baba yako, mkicheza kwenye mifereji ya falaji na kupanda mitende, na mtoto yeyote angerudi hivyo. Jua likapita, baridi ikaja, na wewe ukaendelea. Siku moja ulisimama mbele ya kioo cha kunawia, ukavuta mdomo, ukaniuliza: "Mama, na fizi nazo zimepigwa na jua?" Zilikuwa na mabaka ya rangi ya wino. Nilikwambia uache kujitazama sana, ukapige mswaki.

Raya, mimi nimesoma kemia chuo kikuu miaka minne. Swali lako lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa maabara, na mimi nililifunga kwa mswaki. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ninalofikia silipendi, na pengine si lote, lakini nitakupa.

Katika mkusanyiko wa Idi ya mwaka ule shangazi yako alikushika kidevu akasema, kwa wema na kwa kucheka, kwamba Raya sasa ameingia kabisa upande wa mama yake. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Anakupenda, na sikuandikii haya ili umchukie, maana na mimi nilicheka. Unajua kwamba mama yake Bibi, yaani bibi yangu mimi, alizaliwa bara, mbali na pwani, na kwamba katika ukoo wetu watu hutaja Unguja kwa sauti kubwa na yeye humtaja kwa sauti ndogo. Hakuna aliyenifundisha sauti hiyo ndogo. Niliikuta kooni mwangu. Kwa hivyo nilipoiona rangi yako ikizidi, sikuona mtoto anayeumwa. Niliona ukoo unajitokeza mbele ya watu, na nikaona haya.

Jumatano iliyofuata nilikwenda soko la wanawake nikanunua liwa na manjano ya kung'arisha ngozi. Unakumbuka, bila shaka. Kila jioni nilikukalisha kwenye kiti cha jikoni nikakusugua vifundo mpaka ukavuta mikono. Ulisema inawasha. Nilikwambia uzuri unataka subira, maneno ambayo nisingemruhusu mtu mwingine amwambie mwanangu.

Bibi peke yake ndiye aliyenigombeza. Alisimama mlangoni na bakora yake akasema: "Muache mtoto. Rangi hii mimi naijua, ni ya mama yangu mwenyewe. Nyinyi hamkumdiriki." Alikuwa na furaha, Raya. Alikuwa akikutazama unapopita kama mtu aliyepokea mgeni aliyemngoja miaka. Mimi nilikuona umeharibika, yeye alikuona umerudi, na sote wawili tulikuwa tunautazama ugonjwa bila kuujua. Tofauti ni kwamba yeye alikosea kwa kupenda.

Halafu ikawa ile habari ya achari.

Kwa sababu ya presha ya Bibi, niliondoa chumvi mezani kwetu. Aliyebaki akiidai ni yeye mwenyewe, ambaye hakuacha kutengeneza achari yake ya ndimu kama walivyotengeneza kwao Mkunazini, Unguja, na chupa zilikaa kwenye rafu ya juu kwa ajili ya wageni. Nikaanza kuona maji ya achari yanapungua na ndimu zinabaki kavu. Nilimshuku Bibi. Siku moja nikakukuta wewe, umesimama kwenye kigoda, unakunywa maji yale ya chumvi kutoka kwenye chupa kama mtu aliyetoka jangwani. Nilikwambia hiyo ni tabia ya ajabu, tena ya aibu. Kumbe Bibi alikuwa anajua. Alikuwa anakumiminia kikombe kila siku baada ya skuli, akikwambia: "Kunywa upesi, mama yako asije akatupima sote wawili."

Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kupima. Wenye mashamba ya Sharqiyah huniletea maji ya visima vyao, na mimi huwaambia yana chumvi kiasi gani na kama mitende itastahimili. Siku nzima nilikuwa natafuta chumvi ya watu, nikirudi nyumbani nakufungia yako. Kwa maana niliifunga, Raya. Nilizichukua zile chupa zote nikazitia kabatini chumbani kwangu, nikageuza ufunguo. Ulikuwa umeanza kukonda na kuchoka, ukilala kila ulipokaa, na mimi niliuita uchovu huo uvivu wa umri. Niliona nimekuondolea tabia mbaya.

Siku ya sita hukuweza kusimama. Ulijaribu kushuka kitandani ukaanguka, ukatapika, na ulipofungua macho ulinitazama kama unanitafuta mahali mbali. Baba yako alikubeba mpaka garini. Hospitali walikuwekea maji ya mshipa kabla hata hawajaniuliza jina lako, na nikasikia muuguzi anaisoma namba ya chumvi ya damu yako. Namba za chumvi ndiyo lugha ninayoielewa kuliko watu wengi. Niliielewa ile kabla daktari hajafungua mdomo.

Daktari yule alikuwa mpole. Alichora figo mbili nyuma ya bahasha, na juu ya kila moja akaweka kitu kama kofia iliyokaa upande. Akasema hizi ni tezi za adrenali, kila moja nyepesi kuliko tende, na kinga ya mwili wako mwenyewe imeziona kuwa ni adui ikaziharibu. Alieleza polepole, na mimi nikajificha ndani ya maelezo yake, kwa kuwa maelezo ni mahali pekee ninapojua kukaa.

Ganda la tezi hizo hutoa homoni moja inayoziambia figo zisiiache chumvi itoke, na pale chumvi inapobaki maji nayo hubaki, na damu inakuwa na wingi wa kusukumwa. Ikikosekana, mtu huvuja polepole, na ulimi wake unaanza kutafuta chumvi popote ilipo. Homoni nyingine, kotisoli, hupanda kabla ya alfajiri ili uweze kuamka, hushikilia sukari ya damu kati ya chakula na chakula, na homa ikija au mfupa ukivunjika hupanda mara kadhaa ili mwili usianguke. Kwa mtu mwenye afya yote haya yanapanda na kushuka saa zote bila yeye kuulizwa. Nilistaajabu. Nimeishi miaka yote hii nikijisifu kwamba ninajimudu, na kumbe vinavyonimudu ni vipande viwili vya nyama ambavyo sijapata kuviwaza.

Kisha nikamuuliza kuhusu rangi. Akasema chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoziita zile za juu ya figo zifanye kazi. Zisipoitika, inaita kwa nguvu zaidi, na wito huo ukizidi hugusa pia chembe za ngozi zinazotengeneza rangi. Ndiyo maana vifundo, ndiyo maana fizi.

Kwa hivyo ule weusi ulikuwa mwili wako unaita. Na mimi kila jioni nilikaa kitako na bakuli la liwa, nikiusugua wito ule ili watu wasiusikie.

Aliuliza pia unapenda kula nini. Bibi akajibu, akasimulia habari ya kikombe, akaishia kuniangalia. Daktari aliweka kalamu chini akasema: "Pengine hiyo achari ndiyo iliyomshikilia mpaka leo." Alisema pengine. Neno hilo nimekaa nalo miaka mitano. Kuna siku naliona ni hukumu, na kuna siku najiambia kwamba tezi zilikuwa zimeshakufa na ungeanguka hata ungepewa bahari ya Sur nzima unywe. Sijui. Nimefanya kazi ya kupima maisha yangu yote na hili sina chombo cha kulipimia.

Dawa zilipoanza kukaa sawa, rangi ilififia. Mimi nilifurahi, na papo hapo nikaionea haya furaha yangu. Bibi alikutazama siku moja ukila, akasema kwa unyonge, "Basi ameondoka tena." Hukumwelewa. Alikuwa anamaanisha mama yake.

Ungedhani baada ya hapo nilijifunza. Nilijifunza kuogopa, nikadhani ni kitu kimoja. Kwa kuwa mwili wako haukuweza tena kupandisha na kushusha wenyewe, nilijifanya mimi ndiye tezi. Nilikuangalia rangi ya midomo, nilihesabu mara ulizopiga miayo. Na sasa nitakwambia jambo ambalo hulijui.

Mwaka wako wa mitihani ulikuwa unachoka, nami nilianza kusaga nusu kidonge zaidi kila asubuhi na kukitia kwenye maziwa yako. Nilifanya hivyo karibu miezi mitatu. Ule uso uliojaa, zile nguo zilizokataa kufunga, ule usingizi uliokukimbia, na yale maneno ya wenzako uliyoyalilia bafuni ukidhani sisikii, vyote vilitoka mkononi mwangu. Daktari alipoona vipimo alinitoa nje akaniuliza, nami nikakiri. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ikizidi nayo ni ugonjwa." Nilimwomba asikwambie. Nilikwambia wewe kwamba ni umri, kwamba wasichana hunenepa. Ulijichukia mwaka mzima kwa kosa langu, ukapunguza chakula, na mimi nikakusifu kwa kujizuia.

Nimeiacha kalamu kidogo nilipofika hapo. Sikuombi unisamehe kwa njia ya barua, maana barua haikupi nafasi ya kukataa. Nimekwambia kwa sababu uliniomba nikuamini, na sioni kwa haki gani nilifikirie ombi hilo huku ninakuficha hili.

Lipo na la Tiwi. Hilo ulikuwepo, lakini sijui uliniona vipi. Tulikuwa kwa binamu ya baba yako, ukala kitu kikakudhuru, ukatapika dawa ya asubuhi, na ya mchana nayo ikatoka. Ulianza kupoa mikono. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimefundishwa ile sindano yako ya dharura mara nyingi, nimeyachoma machungwa mpaka baba yako akasema nyumba hii haina tena chungwa zima. Nilifungua pochi, nikashika kichupa, na mikono yangu ikatetemeka hivi kwamba kikanivunjikia. Kilibaki kimoja. Wanawake wa pale walikuwa wananiangalia, mmoja anasoma aya kwa sauti, mwingine anasema uletewe maji ya sukari. Nikasimama na kile kichupa cha pili nikashindwa kusogea.

Daktari aliwahi kunieleza kwamba kiini cha ndani cha tezi, kile kinachotoa adrenalini, ugonjwa wako haukukigusa. Yaani mshtuko uliachiwa mzima. Kilichochukuliwa ni kile kinachomsimamisha mtu baada ya mshtuko. Siku ile nilifikiri, katika chumba hiki yule mwenye ugonjwa ni mimi.

Wewe ulinyoosha mkono. "Mama, nipe." Ukachanganya dawa, ukavuta sindano, ukaichoma pajani juu ya nguo. Halafu ukaniambia kitu ambacho wale wanawake walikiona ni ukosefu wa adabu, na wakakusema baadaye. Uliniambia, "Sasa toka nje, tafadhali. Nikikuangalia naogopa." Nikatoka. Nilisimama uani kwenye jua nikisikiliza mlango, na sikuwa na kazi yoyote duniani.

Nimelifikiria neno hilo zaidi ya yote uliyowahi kuniambia. Mwanzo liliniumiza. Kisha nikaona kwamba lilikuwa kweli tupu: mwili wako ulikuwa unahitaji utulivu, na mimi nilikuwa nauongezea mzigo. Lakini hata hapo nina shaka. Kama ungekuwa peke yako siku ile, umezidiwa saa moja kabla, umelala huwezi kunyoosha mkono, nani angesema "nipe"? Hilo ndilo swali ninalokwenda nalo kitandani, na heshima yote niliyo nayo kwako hailijibu.

Kwa hivyo nikupe jibu la juzi. Niliandika jibu zuri hapa, lenye sababu, nikalifuta. Badala yake nimechukua simu nikampigia mushrifa. Ndiyo, nimempigia, sasa hivi, barua hii ikiwa mbele yangu. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote tayari kwa Kiarabu fasaha, jina la ugonjwa, mahali utakapoweka sindano, hospitali iliyo karibu. Aliitika vizuri, sauti ya mama mtu mzima. Nilimtolea salamu, nikataja jina lako, nikamuuliza bweni linafunguliwa saa ngapi. Akanijibu. Nikamuuliza kama vyumba vina friji. Akanijibu. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayejua kwamba akina mama hawapigi simu kwa ajili ya friji: kuna jambo lolote kuhusu binti yako ungependa tulijue?

Niliyatazama masanduku yako pale mlangoni. Aliita, "Mama Raya?"

Nikamwambia hakuna.

Sijui kama nimekuheshimu au nimekutelekeza. Nimeiweka simu mezani, na mikono yangu inatetemeka kama siku ile ya Tiwi, na hapa hakuna wa kunyoosha mkono aseme, "Mama, nipe."

Mama yako